Kompyuta ya Kikundi: Kununua kwa Busara na Kuitunza

Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, walipokutana katika ukumbi wa parokia.

 Asanteni kwa kuacha shamba na biashara mkaja. Najua wengine mmepanda matatu mbili kufika hapa, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nimeombwa niongee juu ya kompyuta. Vikundi vitatu mmeniambia mna pesa tayari na mnataka kununua. Kabla sijawaeleza mnunue gani, nitawasimulia kosa langu mwenyewe, kwa maana afadhali mjifunze kwa hasara ya wengine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisaidia kikundi cha watu 28. Walikuwa na kinu cha posho na mfuko wa kukopeshana. Wakanunua kompyuta ya mezani ya mitumba kutoka kwa mtu aliyekuja nayo kwa pikapu. Risiti hakuna. Mimi ndiye niliyewaambia, "Sasa daftari limepitwa na wakati, andikeni kila kitu huku ndani." Wakaniamini. Kwa mwaka mmoja na zaidi, hisa, mikopo na riba zote zilikuwa ndani ya ile mashine peke yake.

Usiku mmoja wa mvua za masika stima ikapotea. Iliporudi ilirudi na nguvu nyingi. Asubuhi mashine haikuwaka. Fundi akaifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Diski nayo ilikuwa imekufa.

Mashine haikuwa shida kubwa, maana kinu kingeweza kulipia nyingine. Shida ilikuwa hii: nani anadaiwa ngapi? Tulikaa mikutano mitatu. Wanachama 19 walikuwa bado na vile vitabu vyao vidogo vya hisa. Wengine walisema kwa mdomo tu. Mama mmoja aliapa amemaliza mkopo, na mweka hazina akasema bado. Wote wawili walikuwa watu waaminifu, na mimi nilikaa katikati sina la kusema. Yule mama aliondoka kwenye kikundi, na mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi katika yote nitakayosema leo, shikeni moja: mkiharibu mashine mtanunua nyingine, lakini hesabu zikipotea hakuna duka linaloziuza.

KAZI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Msianze na swali la "tununue ya aina gani?" Anzeni na "tunataka ifanye kazi gani, mara ngapi kwa wiki?" Andikeni kazi hizo kwenye karatasi.

Kama ni kurekodi hisa za watu 20 mara moja kwa mwezi, nawaambia ukweli: daftari zuri, kikokotoo na simu ya katibu zinatosha. Barua moja kwa mwezi mtapigiwa chapa kwenye saiba. Hizo pesa nunueni ng'ombe wa maziwa.

Lakini kama mnauza kila siku, mna bidhaa nyingi za kuhesabu, mnatoa risiti za eTIMS mara kwa mara, mnaandika barua za kuomba ufadhili, au mnataka kufungua duka la kuchapa na kutoa kopi, basi kompyuta itajilipa.

Tena msimalize pesa yote kwenye mashine. Ushauri wangu ni kwamba katika kila shilingi 10, mbili au tatu zibaki kwa kifaa cha kulinda stima, mahali pa kuweka nakala, na fundi wa kwanza. Kikundi kinachotumia shilingi ya mwisho kununua mashine hukosa ya kuilinda.

SIKU YA KUNUNUA

Laptopu au ya mezani? Ya mezani ni rahisi kutengeneza, na vipuri vyake hupatikana. Laptopu ina betri yake, kwa hivyo stima ikipotea haizimi ghafla, na inatumia umeme kidogo. Lakini inabebeka, na kitu kinachobebeka huibiwa upesi. Pale ambapo stima hupotea kila mara au mnatumia sola, mimi nachagua laptopu.

Mitumba si mbaya. Nyingi huja kutoka maofisi ya ng'ambo, na zikiwa nzuri zitafanya kazi miaka mingi. Nendeni watu wawili au watatu, mmoja awe anayejua, na mwende mchana. Angalieni haya:

1. Umri wa prosesa. Kwenye zile za Intel utaona maandishi kama i5-6300U au i5-8350U. Katika mifano hii, tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni kizazi cha 6, ya pili ni cha 8. Kwa nini ni muhimu? Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji akikupunguzia bei ya kizazi cha 6, jiulize kwa nini anataka kuiondoa dukani.

2. Memori isiwe chini ya GB 8. Diski iwe ya aina ya SSD, GB 256 inatosha. SSD haina sehemu inayozunguka, kwa hivyo ni nyepesi kuwaka na haiumii haraka ikitikiswa kwenye matatu.

3. Betri ya laptopu. Chomoa chaja, iache iwake dakika 30 ukiendelea kukagua mengine. Ikiwa ni ya Windows, mwambie yule kijana afungue Command Prompt na aandike powercfg /batteryreport. Itatoa ripoti yenye namba mbili: betri ilivyotoka kiwandani, DESIGN CAPACITY, na inavyojaa sasa, FULL CHARGE CAPACITY. Kama ilikuwa 50,000 na sasa ni 20,000, unanunua betri ambayo sehemu tatu kati ya tano zimekwisha. Bei ishuke au betri ibadilishwe.

4. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Jaribu kila tundu la flashi. Piga simu ya video kidogo, usikie spika na uone kamera. Izime kabisa, uiwashe tena. Ikikuomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, weka chini uondoke.

5. Risiti. Iwe na jina la duka, tarehe, jina la kikundi, ile namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, na muda wa waranti kwa maandishi. Waranti ya mdomo si waranti. Na ukinunua bila risiti, kesho polisi wakija wakisema mashine ni ya wizi, utajibu nini? Kushika mali ya wizi ni kosa la jinai.

Jambo lingine ni programu. Msikubali kuwekewa za wizi, maana mara nyingi ndizo huleta virusi. LibreOffice ni ya bure na halali, inaandika barua, inafanya hesabu, na inafungua faili nyingi za Word na Excel.

STIMA

Hapa Kenya stima yetu ni volti 240, lakini nyote mnajua wakati mwingine taa huwa hafifu kama ya koroboi, mara inang'aa mpaka balbu inapasuka. Hiyo ndiyo iliyotuua sisi.

Kwa ya mezani, wekeni UPS. Kazi yake si kuwafanya mwendelee saa nzima. Inawapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Printa ya leza msiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa mara moja. Kwa laptopu, angalau kifaa cha kuzuia umeme unaoruka.

Radi ikianza kunguruma, chomoeni plagi ukutani, na waya wa intaneti pia. Hakuna kifaa cha dukani cha kutegemea radi ikipiga karibu. Mkifunga ofisi jioni, chomoeni vilevile.

Na ile tabia ya kufungua soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, tuiache. Ule mguu wa tatu ni wa kupeleka umeme ardhini, uokoe mtu na mashine. Kompyuta, pasi na jagi ya umeme visikae kwenye ekstensheni moja.

Wenye sola, pigeni hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini zile za asidi usitumie zaidi ya nusu kama unataka zidumu. Zinabaki 600. Laptopu ya wati 40 kwa saa 5 itakula 200. Ya mezani na skrini yake, tuseme wati 120, kwa saa hizo hizo itakula 600 zote. Taa mtawasha na nini?

VUMBI, JOTO NA CHAI

Mashine isikae chumba kimoja na kinu. Unga ni laini, unaingia kwenye matundu, feni inaziba, mashine inapata joto na kuzimika. Kila mwezi izimeni, mchomoe stima, mpanguse matundu kwa burashi ndogo kavu ya rangi. Skrini ifutwe kwa kitambaa laini, msiinyunyizie maji.

Kuifunika kwa leso au kitenge ni vizuri, lakini baada ya kuizima na ikapoa. Laptopu isiwekwe juu ya kitanda au mto ikiwa inawaka, maana hewa inapita chini.

Chai na mandazi viliwe meza nyingine. Makombo huleta sisimizi na mende, kisha panya wanafuata na kutafuna waya. Kikombe kikimwagika kwenye kibodi, zimeni hapo hapo, chomoeni, igeuzeni maji yatoke, mpelekee fundi. Msiwashe "kuona kama imepona."

Betri ya laptopu ikivimba, msiitoboe wala kuitupa motoni. Acheni kuitumia, mpelekee fundi.

NAKALA TATU

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize zaidi. Hesabu za kikundi ziwe mahali patatu:

Kwanza, ndani ya kompyuta. Pili, kwenye flashi au diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, kwa mfano kwa mwenyekiti. Moto na mwizi hawachagui, wakichukua kompyuta watachukua na flashi iliyo kando yake. Tatu, kwenye karatasi. Kila siku ya mkutano, chapeni ukurasa wa hisa na mikopo, usomwe kwa sauti, mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi, uingie kwenye faili. Na vitabu vidogo vya wanachama viendelee kuandikwa. Mimi niliyesema daftari limepitwa na wakati, leo nasema halijapitwa.

Mara moja kila baada ya miezi mitatu, fungueni ile nakala ya flashi kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Flashi ya kikundi isiende kuzunguka saiba, itarudi na virusi. Kwa kupeleka kazi ya kuchapa wekeni nyingine, na mkirudi nayo mwiruhusu kinga ya Windows iichunguze kabla ya kuifungua.

NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Mara nyingi tunamwachia kijana mmoja, kwa sababu ndiye anajua. Akipata kazi Nairobi, je? Wafundisheni wawili, na mmoja awe mama. Neno la siri liandikwe, liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi, ikae kwenye sanduku la kikundi. Andikeni kitabu cha matumizi: tarehe, jina, kazi gani. Hii si kumshuku mtu. Ni kumlinda yule kijana, ili kitu kikiharibika asilaumiwe bure.

Kumbukeni ndani yake mna namba za vitambulisho na za simu za watu, na madeni yao. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, habari za mtu si za kuachwa wazi kwa kila apitaye. Siku mtakapouza mashine kuukuu, fundi afute diski yote kwanza mbele yenu.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni asubuhi, "Madam, kwa hivyo unatuambia tuogope kompyuta?" Hapana, mama. Kile kikundi changu kilinunua nyingine. Sasa kila mwezi ule ukurasa unasomwa, na anayeona kosa anainua mkono siku hiyo hiyo, si baada ya mwaka. Ugomvi wa pesa umepungua sana. Ninachosikitikia ni yule mmoja aliyeondoka, na sijachoka kupita kwake kumwomba arudi.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni kazi gani tatu tunataka kompyuta itufanyie? Ni ipi kati ya hizo daftari haliwezi?
2. Kompyuta yetu, au simu ya katibu, ikiibiwa usiku wa leo, kesho tutajuaje nani anadaiwa ngapi?
3. Ni watu gani wawili tutawafundisha, na nani atakaa na nakala nje ya ofisi?
4. Tumetenga pesa ngapi za kulinda mashine na kuitengeneza mwaka huu?