GB na plakete: damu yetu inavyojitengeneza

(Mazungumzo na wanachama kwenye mkutano wa mwezi)

Kamati iliniomba niseme juu ya damu. Wengi wenu munatoka hospitali na karatasi ya laboratware imeandikwa "GB" na "plakete", munalipa, munarudi nyumbani bila mtu kuwaeleza. Leo tuisome pamoja.

Tuanze na mfupa. Mukivunja mfupa wa mbuzi munakuta ndani uboho, laini na wenye mafuta. Humo ndimo damu inazaliwa. Kwa mtoto mdogo, karibu mifupa yote inafanya hiyo kazi. Kwa mtu mzima inabaki zaidi nyonga, mfupa wa kifua, mbavu, uti wa mgongo na fuvu. Chembe zote za damu zinatoka kwa chembe mama za aina moja. Wengine wanakuwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, wengine chembe nyeupe, ndiyo GB, na wengine plakete.

Kwa mtu mzima mwenye afya, GB ni kama 4 000 hadi 11 000 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Watoto wadogo wanazidi hapo.

Chembe nyeupe haziko za namna moja. Kuna zile za kufika kwanza. Ukichomwa na mwiba, zinakimbia pale, zinameza vijidudu, zinakufa. Usaha munaouona ni maiti zao nyingi. Maisha yao ni mafupi, masaa au siku chache tu, kwa hiyo uboho haupumziki. Kuna zingine zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo fulani. Halafu kuna limfosaiti, zenye kukumbuka. Baadhi yao zinakomalia katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Zikishaona ugonjwa mara moja, zingine zinaweza kuukumbuka miaka na miaka. Chanjo inafanya kazi hivyo: inazionyesha adui mbele hajafika. Surua ni mbaya zaidi kwa sababu inaweza kufuta kumbukumbu hiyo, na mtoto aliyepona surua anabaki wazi kwa magonjwa mengine. Virusi vya ukimwi navyo vinashambulia limfosaiti zenyewe.

Kwa hiyo GB ikipanda, si jina la ugonjwa, wala si sumu ya jirani. Ni alama kwamba mwili unapambana. Hata mama mjamzito GB yake inapanda kidogo. Musidai sindano ya antibiotiki kwa sababu ya namba peke yake. Mumuulize munganga: inapigana na nini?

Na wale waliopoteza kadi za chanjo wakati wa kuvuka ziwa: kinga ya mtoto haikuzama na kadi, lakini muuguzi hawezi kuisoma usoni. Kumrudilia mtoto chanjo ya surua hakumdhuru. Mumpeleke.

Sasa plakete. Ndani ya uboho kuna chembe kubwa sana. Yenyewe inabaki pale, inanyoosha mikono ndani ya mshipa, na vipande vinakatika maelfu kwa maelfu. Vipande hivyo ndivyo plakete. Kawaida ni 150 000 hadi 400 000 katika milimita ile ile, na kila moja inaishi siku 7 hadi 10. Mshipa ukikatika, zinagandamana pale, zinaita wenzao, zinaziba tundu. Malaria mara nyingi inazipunguza, na mtu akitibiwa zinarudi. Lakini damu ya pua isiyokatika, fizi zinazotoka damu, au vidoa vyekundu visivyopotea ukivibonyeza, usingoje asubuhi. Tena, asipirini inazifunga plakete mpaka zinakufa. Musimpe mtoto mwenye homa asipirini.

Hapa nawaambia wafadhili pia. Chembe nyekundu zinatunzwa kwenye frigo wiki 5 hivi. Plakete kwa kawaida siku 5 tu, nje ya frigo, kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa bila kusimama. Bila umeme wa uhakika, hospitali ya kijijini haiwezi. Dawa iliyobaki ni mtu aje na mkono wake. Ndugu wa damu wakiitwa, familia iliyorudi mwezi uliopita itamuita nani?

Likelemba tunaijua: leo kwako, kesho kwangu. Tufanye hivyo na damu. Naomba orodha ya watu wa kujitolea, kuanzia miaka 18 na kilo 50, kundi la damu likiwa limeandikwa. Mama mjamzito au anayenyonyesha asihesabiwe. Wanachukua kama mililita 450. Maji yake yanarudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Kila damu ipimwe ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Na isiuzwe: mwenye kutafuta pesa ataficha ugonjwa wake.

Wafadhili, hatuombi pesa ya kununua damu. Tunaomba vipimo, mafuta ya jenereta, na nauli ya atakayeitwa usiku. Mikono iko hapa.

Orodha iko kwa sekretari, pale mlangoni.