Aisha: Jina Lenye Uhai

Msikilizaji, litamke taratibu nami: A-i-sha. Sasa sema: maisha. Umesikia yanavyoitikiana? Jina hilo, neno letu maisha na kitenzi kuishi vyote vimechipuka kwenye shina moja la Kiarabu. Aisha ni mwanamke anayeishi, aliye hai. Sala ya isha ina shina lake jingine, na kuisha kwa maana ya kumalizika ni Kibantu chetu, kwa hiyo visikuchanganye.

Waarabu wamelifikisha shina hilo hadi jikoni. Mmisri huuita mkate “eish”, na Kuwait ukiambiwa “aish” utaletewa wali. Huko chakula kimepewa jina la uhai wenyewe.

Ndiyo maana mimi nalisikia jina hili kama dua. Mzazi wa zamani alimpakata kichanga asijue kama atauona mwaka wa pili, akamwita “anayeishi”, na kila aliyemwita mtoto yule akawa anamwombea.

Aliyelipa heshima kubwa kuliko wote ni Bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume Muhammad. Mtume alikuwa akilikata kwa mapenzi, akimwita “Aish” tu. Bibi Aisha hakujaaliwa mtoto, lakini Waislamu humwita Mama wa Waumini, na hadithi zilizopokewa kutoka kwake zinahesabiwa 2,210. Masahaba walimwendea na maswali ya dini hadi alipofariki Madina mwaka 678.

Nasi wa pwani tumelifinyanga jina hilo: likawa Asha, likawa Esha, likatanguliziwa Mwana likawa Mwanaisha. Wewe Asha unayetusikiliza, umelibeba jina lile lile.

Lakini anayenigusa zaidi ni Aisha Taymur wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1840. Alitunga mashairi kwa Kiarabu, Kituruki na Kiajemi, zama ambazo binti wa ukoo mkubwa alitarajiwa kushika sindano ya kutarizi. Binti yake Tawhida, aliyekuwa mkono wake wa kulia nyumbani, alifariki angali kijana. Mama akaacha ushairi, akalia miaka kama saba, macho yakamuuma. Baadaye akaishika tena kalamu. Shairi la kumlilia Tawhida limo katika diwani yake ya Kiarabu, na kwa hilo, binti yule angali anatajwa mpaka leo.