Kisu cha Jikoni kwa Tupa Kuukuu

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari ya kazi ya mikono ambayo kwayo tumepitisha likizo nyingi, nayo ni kufanya kisu cha jikoni kwa tupa kuukuu.

Tupa hufanywa kwa feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, yapata sehemu 1 katika 100. Uchache huo ndio uletao ugumu wote. Kwanza tupa hutiwa motoni mpaka iwe nyekundu, kisha hufukiwa majivuni usiku kucha ipoe polepole. Asubuhi huwa laini, hata tupa nyingine yaweza kuila. Hapo twachonga ubapa, na msuka utakaoingia mpinini. Na katika kuchonga hapana siri ila subira.

Siri i katika moto wa pili. Twavukuta mpaka ubapa uwake, nasi twaujaribu kwa sumaku (yetu tuliitoa katika spika ya redio iliyokufa), maana feleji ifikapo joto la digrii 770 hivi haivutwi tena. Ikipita hapo kidogo, twaitosa mara moja katika mafuta yenye uvuguvugu. Maji yangeweza kuipoza kwa ghafula mno, ikapata ufa.

Sasa kisu ni kigumu, na hapa ndipo tulipokosa sisi. Kisu chetu cha kwanza tulikinoa siku ile ile, tukampelekea mama kwa fahari. Alipokigonga juu ya muhogo mkavu kilikatika kama kigae, na kipande kikaruka karibu na jicho la mtoto aliyeketi pale. Mama akasema, "Mwanangu, kisu chako kina hasira."

Hasira hiyo huondolewa kwa moto mdogo. Sugueni ubapa mpaka ung'ae, kisha wekeni mgongo wake juu ya chuma kinene chenye moto, mtazame rangi zikipanda. Rangi ya manjano, kama ya majani makavu, ifikapo makalini, ni digrii 220 hivi, kiondoeni upesi. Mgongo utakuwa umekwisha kuwa buluu, wala si neno, maana ndio uvumilivu wake. Lakini makali yakiwa buluu, yatakuwa laini mno kwa kazi ya jikoni.

Kisu cha pili mama anacho hata leo, kimelika kwa kunolewa. Kile kipande cha kwanza hakukitupa: hukwangulia magamba ya samaki, na kila tuendapo kumwamkia hutuonyesha.