Habari ya Presha na Dawa Zake



Habari ya mshahara tumeisema sana katika mikutano yetu. Leo nataka kusema habari ya moyo.

Misuli ya moyo na ya mishipa ya damu hujikaza pale kalsiamu inapoingia ndani yake. Mishipa ikijikaza mno, njia ya damu huwa nyembamba na presha hupanda. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, alionyesha kwamba ziko dawa ziwezazo kuizuia kalsiamu isiingie kwa wingi. Hapo mishipa hulegea na presha hushuka.

Je, dawa hizo zatufaa sisi? Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa Waafrika 728 wa nchi sita, Kenya ikiwamo. Kila mgonjwa alipewa dawa mbili kwa pamoja. Baada ya miezi sita, waliopewa amlodipini pamoja na dawa nyingine walishuka presha kuliko wale ambao hawakuipata.

Lakini presha haipigi hodi. Mtu hujiona mzima, akaacha vidonge, kisha kiharusi kikamwangusha kazini. Miguu ikivimba, maana dawa hii mara nyingine huivimbisha, mwambie daktari. Usiache dawa kwa shauri lako.

Basi, ndugu, kila tawi na lidai ruhusa ya kwenda kupimwa presha bila kukatwa mshahara. Mtaji wa mfanya kazi ni afya yake.