Kikundi cha Nauli: Hotuba kwa Wakazi Wanaotaka Kusaidia Familia za Watoto Wenye Saratani

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa afya ya umma katika baraza la wakazi wa Budalang'i, Kaunti ya Busia.



Mmeniita niwaeleze jinsi ya kuanzisha kikundi cha kusaidia familia zenye watoto wanaougua saratani. Nitaanza na ugonjwa wenyewe, kwa sababu kikundi kisichoujua kitatumia pesa mahali pasipofaa.

Katika eneo letu la ziwa kuna saratani iitwayo Burkitt, ambayo huonekana zaidi kwenye malaria nyingi. Imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka wa 1958 akifanya kazi Uganda, hapo ng'ambo ya mpaka. Mara nyingi mtoto hufura taya, meno hulegea, au tumbo huvimba. Wengine hudhani ni jino tu, wengine husema amerogwa.

Saratani hii hukua upesi, na pia husikia dawa upesi. Hapo ndipo penye mtego. Baada ya dozi ya kwanza uvimbe unaweza kunywea kwa siku chache tu. Mtoto anakula, anacheza. Mama naye anahesabu nauli ya kutoka Port Victoria hadi Eldoret, yake na ya mtoto, kwenda na kurudi, chakula cha huko, na nani atabaki na wale wengine nyumbani. Anajiambia mtoto amepona. Harudi. Ugonjwa ndio unaorudi, na safari hiyo ni vigumu zaidi kuutibu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, hawafiki 30. Kuchelewa kufika hospitalini na kuacha matibabu katikati ni kati ya sababu kubwa.

Ndiyo maana siwashauri muanze na harambee kubwa. Harambee huchangisha siku moja, lakini saratani ya damu inaweza kutibiwa kwa zaidi ya miaka miwili. Familia ijisajili na SHA mapema, mtoto akiwemo, ili isaidiwe gharama za hospitali. Lakini SHA hailipi matatu, wala haiweki unga kwenye sufuria ya waliobaki nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yenu. Watu 50 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, ni 5,000. Haijengi wodi, ila inaweza kumrudisha mama hospitalini siku ya miadi. Awepo mtu wa kumpigia simu siku tatu kabla. Na tafadhali, fulana zisubiri.

Kujisajili si kazi ngumu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Andikeni katiba, chagueni viongozi, kisha mpeleke kumbukumbu za mkutano na nakala za vitambulisho kwa ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo. Pesa zisikae kwa simu ya mwenyekiti. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na mweka hazina asome hesabu kila mwezi mbele ya wote.

Jambo moja linaniudhi: picha za watoto wagonjwa zinazosambazwa kwenye WhatsApp ili watu wachange. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Hata mzazi akikubali, kumbukeni mtoto huyo atapona na kurudi shuleni, na wenzake watakuwa wameiona.

Mtoto mwenye uvimbe leo asingoje usajili; apelekwe hospitalini kesho asubuhi. Sasa tunahitaji mtu wa kutunza daftari la miadi. Nani atajitolea?