Kukaza Mnyororo Si Kuutengeneza
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana shuleni)



Mlipomwalika mtumishi wa Serikali, bila shaka mlitegemea habari za mafaili. Leo nitasema habari za baiskeli. Asubuhi nilizikagua zile mlizoegemeza chini ya mwembe, na kadhaa nimeziona zina mnyororo uliokwisha huku wenyewe wakidhani ni mzima.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili. Baba yangu aliuza maziwa kwa baiskeli, na kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kuitunza. Mnyororo ulipolegea nilifungua nati, nikavuta gurudumu la nyuma, nikakaza. Baba alinisifu. Nilifanya hivyo mara nne. Fundi akaniambia mnyororo umekwisha. Mimi nikaona anatafuta fedha tu, na maneno yake sikuyafikisha nyumbani.

Asubuhi moja baba alikuwa akipanda mlima, amesimama juu ya pedeli, mnyororo ukaruka meno. Alianguka, akavunjika mtulinga, maziwa yote yakamwagika. Alikaa wiki sita bila kazi. Karo yangu ya muhula ule ilipatikana kwa kuuza mtamba wetu mmoja.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilidhani mnyororo umelegea tu, kumbe umerefuka. Vile vibati vyake havinyooki. Kinacholika ni pini na matundu yanayozishika. Nafasi ndogo ya kila kiungo, ukiijumlisha katika viungo vyote, ndiyo huo urefu. Kuvuta gurudumu nyuma huondoa ulegevu, lakini hakurudishi chuma kilicholika. Mimi nilikuwa naficha ugonjwa kwa spana.

Basi msikisie, pimeni. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi. Unyoosheni mnyororo, wekeni sifuri ya rula katikati ya pini moja, kisha hesabuni nafasi 24. Pini ya mwisho iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, nunueni mnyororo mpya, na mara nyingi gharama itaishia hapo. Ikifika 1/8 ya inchi, kagueni na sproketi, ya mbele na ya nyuma, maana huenda zimekwisha kuliwa pamoja nao. Jino lililolika huchongoka na kuinama upande mmoja kama kulabu. Mnyororo mpya juu ya meno ya namna hiyo utaruka. Na mnyororo mkuukuu juu ya sproketi mpya utaziharibu mapema. Kwa hiyo anayechelewa kununua kimoja hujikuta ananunua vitatu.

Tena futeni mchanga kabla ya kutia mafuta. Mchanga uliochanganyika na mafuta ni msasa.

Kazini nimekuta mambo mengi ya namna hii: bomba linalofungwa mpira kila mwezi, paa linalozibwa kila masika. Kila ninapoletewa taarifa kwamba kitu kimetengenezwa, huuliza: kimetengenezwa, au kimekazwa tu?

Maneno ya yule fundi nilimweleza baba nikiwa nimekwisha kuajiriwa. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mnyororo wa baiskeli yangu nimeupima.

Wadogo zangu, nimekuja na rula tatu, nazo nitaziacha hapa shuleni. Baada ya chakula tukutane chini ya mwembe, kila mtu na baiskeli yake. Na fundi akikwambia jambo, lifikishe nyumbani siku hiyo hiyo.