Haidrojeni: Tupige Hesabu Kabla ya Kupiga Makofi



Sisi hatuhitaji kufundishwa jenereta ni nini. Kwa miaka mingi, kabla ya Gridi ya Taifa kutufikia, wilaya zetu mbili za Ngara na Biharamulo ziliendeshwa na mashine za dizeli, na dizeli yenyewe inasafirishwa kutoka mbali. Kwa hiyo kijana akiniuliza, "Kamanda, si bora tuchome haidrojeni, haina moshi?" mimi simcheki. Swali zuri. Tulijibu kwa hesabu.

Ni kweli, haidrojeni ikiungua inatoa mvuke wa maji, siyo hewa ya ukaa. Duniani zipo turbaini zinazochoma gesi asilia iliyochanganywa nayo. Lakini moto wake una mbio, unaweza kurudi nyuma ukaunguza kichomeo. Halafu ukichanganya asilimia 30 kwa ujazo, hewa ya ukaa inapungua kama asilimia 11 tu, maana haidrojeni ni nyepesi mno.

Na inatoka wapi? Hatuichimbi kama gesi ya Songosongo. Ukitaka kilo 1 kutoka kwenye maji, unatumia uniti kama 50 za umeme. Ukiichoma kwenye turbaini, unarudishiwa kama 13. Yaani unatoa magunia manne ghalani, unarudishiwa moja! Nani hapa atakubali biashara hiyo?

Wakati huohuo maporomoko ya Rusumo yako hapa hapa Ngara. Mtambo wa megawati 80, tunagawana na Rwanda na Burundi. Uniti ya Rusumo ikipelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga, sehemu kubwa inafanya kazi. Kwa nini tuipitishe kwenye haidrojeni kwanza?

Sisemi haidrojeni itupwe. Ndiyo inayotengeneza amonia, na amonia inatengeneza mbolea. Mabwawa yakifurika na umeme ukabaki, hapo tuzungumze. Mkulima wa kahawa na maharage atanielewa haraka.

Basi, kiongozi yeyote akija na neno hili, awe wa kwao au wa kwetu, muulizeni matatu: Umeme wa kuitengeneza unatoka wapi? Uniti ngapi zinapotea njiani? Na kijiji gani kitaendelea kukaa gizani kikisubiri?

Asipojibu, msipige makofi.